Wote Waliowahi Kuimiliki Ndege ya Baba

Mdogo wangu alikuwa amekaa kitandani anapaka rangi ya kucha, na mimi niko mezani najaza fomu ya kuomba kazi kwa mara ya pili, kwa sababu ile ya kwanza niliandika tarehe yangu ya kuzaliwa kisha nikaitilia shaka. Chumba kikajaa ile harufu kali, tamu kidogo, inayopanda puani na kukaa nyuma ya macho. Nikaweka kalamu chini. Yeye akadhani namkasirikia. "Dada, si nimefungua dirisha?" akasema. Nikamwambia aendelee tu, na akimaliza anipake na mimi. Sijawahi kupaka rangi ya kucha. Nilichotaka ni ile harufu isiishe, maana ilikuwa harufu ya ndege yetu.

Najua inavyosikika. Chuoni niliacha kulisimulia jambo hili tangu muhula wa kwanza, kwa kuwa ukisema unatoka Sumbawanga, halafu ukasema nyumbani mlikuwa na ndege, watu wanaanza kucheka kabla hujamaliza na mmoja lazima aulize kama hiyo ndege ilikuwa ya kupepetea mchele. Haikuwa ungo. Ilikuwa ndege kweli, ndogo, ya viti viwili, kuukuu kuliko baba yangu, mifupa yake mabomba ya chuma na mabawa yake mbao nyembamba zilizovishwa kitambaa. Kile kitambaa ndicho kilichokuwa na harufu. Panya wakikitoboa, baba alikata kiraka, akakibandika na kukipaka dawa fulani ya kopo iliyokikaza kikawa kama ngozi ya ngoma, na hiyo dawa ilinuka vilevile kama kucha za mdogo wangu.

Baba ni fundi wa mashine za kusaga. Alikuja kutoka Mbeya akiwa kijana, akayafuata mahindi ya Ufipa, akamkuta mama, akabaki. Tulikuwa na nyumba Kizwite, na nyuma yake banda kubwa la mabati ambalo lilijengwa ili siku moja liwe na mashine yetu wenyewe. Injini tayari alikuwa nayo, na kinu chake. Halafu siku moja, kabla sijazaliwa, akabadilishana na mtu: akampa injini na kinu, akapewa ndege. Mama alilisimulia jambo hilo kila alipobeba debe la mahindi kichwani kwenda kusagisha kwa jirani. Alilisimulia bila hasira, kama mtu anayeeleza hali ya hewa.

Haikuruka hata siku moja ikiwa kwetu. Mabawa yalifunguliwa yakaegemezwa ukutani, na upepo wa kiangazi ulipopiga mabati, mabawa yalitikisika kama yanakumbuka kitu. Jumapili baada ya misa baba alivaa koti lake la kazi akaingia bandani, nami nikaingia naye. Kazi yangu ilikuwa kushika kopo. "Mwaka huu itaruka," alisema, na mimi niliamini kila mwaka, kwa sababu sikujua kwamba mwaka uliopita alisema hivyohivyo. Kwenye kiti cha rubani kuku wa mama alikuwa amejifanyia kiota kwenye kapu bovu, na baba hakumfukuza. Alisema hata kuku ana haki ya kujaribu.

Ndege hiyo ilikuwa na kitabu chake. Jalada la ngozi nyeusi, pembe zimeliwa na mende, kurasa za mwanzo zimejaa maandishi ya safari ambayo sikuyaelewa. Baba alikihifadhi kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na cheti chake cha ndoa na vyeti vyetu vya ubatizo. Zile karatasi za serikali zilikuwa kwenye bahasha nyingine, lakini hizo hakuzithamini sana. Alichothamini ni ukurasa wa mwisho wa kitabu. Huko kila mwenye ndege aliandika jina lake kwa mkono wake mwenyewe, na siku ya kumkabidhi mwingine alichukua rula akalipiga jina lake mstari mmoja, akatia sahihi pembeni, kisha mmiliki mpya akaandika la kwake chini. Aliyeanzisha utaratibu huo ni mmiliki wa kwanza, na wote waliomfuata wakauheshimu. Baba aliniketisha magotini akanisomea. "Huu ndio ukoo wake," alisema. Majina manne yenye mstari. La tano lilikuwa la baba, safi, kwa wino wa bluu, halina kitu juu yake. Nilijifunza kusoma kwa majina hayo kabla sijaanza shule.

Nilikuwa darasa la pili Didas alipougua. Didas alikaa nyuma yangu na alikuwa na tabia ya kunivuta sweta. Hakuja wiki moja, hakuja wiki ya pili. Dawati langu lilikuwa la mbele kabisa, limegusana na meza ya mwalimu, hata nilikuwa naliona daftari la mahudhurio kichwa chini miguu juu. Jumatatu moja mwalimu aliingia, hakutusalimu. Alikaa, akafungua daftari, akachukua rula na kalamu nyekundu, akatafuta jina la Didas kwa kidole, akalipiga mstari. Alifanya taratibu sana. Baada ya hapo ndipo akasimama, akavua miwani, akatuambia Didas hatunaye tena, amefariki.

Mtu mzima anaelewa kilichotokea: mwalimu alishapata taarifa, akashindwa kuanza kusema, akaanza na kilichokuwa rahisi kwa mikono yake. Lakini mimi niliona kwa mpangilio niliouona. Kwanza mstari, halafu kifo. Kabla ya mstari Didas alikuwa mgonjwa tu.

Jioni ile nilivuta sanduku la bati chini ya kitanda na kufungua kitabu cha ndege ukurasa wa mwisho. Nakumbuka jinsi masikio yalivyopata moto. Majina manne, mistari minne, kwa rula. Na chini yake jina la baba yangu, limekaa linasubiri.

Wengine mnaosoma hapa mngekwenda kumuuliza mama mara moja, likaisha. Mimi sikuumbwa hivyo. Hata leo nikikuta ujumbe wa "nipigie haraka" kwenye simu, nimeshazika watu watatu kabla sijapiga. Niliogopa kwamba nikiuliza kwa sauti nitakuwa nimeliharakisha jambo lenyewe. Nikaamua kwanza nihakikishe. Kama hata mmoja wa wale wanne ni mzima, basi mstari ni mstari tu.

Wa kwanza alikuwa Mzungu aliyeitumia ndege kutafuta nzige kule bondeni, upande wa Ziwa Rukwa. Nilimuuliza baba huku nimeshika kopo, nikijifanya naangalia dari. "Yule yuko wapi siku hizi?"

"Nani, Mzungu wa nzige? Huyo alishakufa zamani," baba alisema, brashi mdomoni. "Nasikia alirudi kwao akafia huko. Sogeza kopo."

Wa pili alikuwa padri. Likizo ilipofika tulikwenda kwa bibi, mzaa mama, upande wa Kaengesa, na baada ya misa bibi alipenda kupita makaburini kusafisha la babu. Nikawa natembea katikati ya misalaba ya mapadri nikisoma, na bibi akafurahi kuona najua kusoma vizuri namna ile. Jina lilikuwepo. Lilelile, herufi kwa herufi, limechongwa kwenye saruji.

"Unamjua huyo?" bibi akasema. "Ndiye alikuwa anateremka na kindege bondeni kuwaleta wagonjwa. Mama yako mkubwa alizaliwa kwa sababu yake. Alinipandisha tumbo likiwa kubwa hivi, nikatapika ndani, wala hakusema kitu."

"Alikufa alipokiuza?"

"Alikiuza macho yalipoanza kumsumbua. Akafa baadaye." Akanitoa majani ya nyasi kwenye sketi. "Watoto wa siku hizi mnauliza mambo ya ajabu."

Baadaye. Neno hilo lilinitosha. Sikuuliza baadaye kiasi gani.

Wa tatu alikuwa Mzee Salum, aliyekuwa na malori na duka mjini. Yeye aliichukua ndege kwa kuwa alikuwa mtu wa kwanza mjini kuwa na kila kitu. Duka lilikuwa linaendeshwa na mwanawe, mtu mnene mchangamfu aliyepima sukari huku akiongea na watu watatu kwa pamoja. Nilikwenda peke yangu baada ya shule, nikasimama mbele ya kaunta.

"Shikamoo."

"Marahaba binti. Umetumwa nini?"

"Sijatumwa. Nauliza kama Mzee Salum yupo."

Akaacha kupima. "Mzee Salum baba yangu?"

"Ndiyo."

"Unamtaka wa nini?"

"Nataka kujua tu kama yupo."

Akamgeukia mteja aliyekuwa ameegemea gunia. "Umeona? Watu wa kodi sasa wanatuma watoto wenye kaptura ya michezo." Yule mteja akacheka. Mwenye duka akaniinamia, sauti ikashuka. "Mzee alishatangulia mbele ya haki, mwanangu. Muda mrefu. Alikuwa anakufahamu?"

Nilitikisa kichwa. Akanipa pipi mbili, moja ya kwangu na moja, alisema, ya huko nyumbani nilikotoka na maswali. Nilizila zote njiani na sikuzisikia ladha.

Akabaki wa nne, Anatoli, bwana mifugo, yule aliyechukua injini yetu na kinu. Baada ya kubadilishana na baba aliteremsha vitu vyake Muze, kule bondeni, akafunga mashine huko, akaacha kazi ya serikali. Nilimuuliza mama akiwa anachagua maharage. "Tangu ateremke huko hatujamsikia," mama alisema. "Hata salamu. Injini yangu tu ndiyo inasikika huko." Hakuinua macho kwenye ungo. Mimi nikahesabu: watatu wamekufa, na wa nne tangu apigwe mstari hakuna aliyemsikia.

Labda jambo hilo lingekaa ndani yangu likachakaa lenyewe, kama mambo mengi ya utoto, kama mgeni asingekuja. Alikuwa mtu wa Arusha, mrefu, mpole, mwenye kazi ya kufufua ndege za zamani. Alisikia habari za yetu kwa watu wa uwanja wa ndege. Alikuja Alhamisi, akaingia bandani na tochi, akakaa humo saa mbili, akatoka na utando wa buibui kichwani akiwa na uso wa mtu aliyetoka kuungama. Akamwambia baba anaitaka. Ataichukua kwa lori mpaka Arusha, ataifunga mabawa, itaruka.

Wakati wa chakula baba hakuongea. Alimega ugali akausahau mkononi. Mwishoni akasema, "Nimekubali. Jumamosi ataandika jina lake, na mimi nalipiga langu mstari."

"Mungu ni mwema," mama alisema. "Nitapata pa kuwekea mahindi. Ila mwambie kuku wangu bado siku sita aangue. Asimsogeze."

Walikuwa wanacheka, au mama alikuwa anacheka na baba anajaribu. Mimi nilikuwa namwangalia baba, ule ukimya wake, mkono ule uliosahau tonge, na nilielewa kwamba na yeye anajua. Anajua na amekubali kwa sababu ni mtu mzima na watu wazima hawakimbii. Basi ilinibaki mimi.

Ijumaa, mama akiwa kisimani na baba akiwa kwenye mashine ya watu, nilitoa kitabu kwenye sanduku. Nilifikiria gunia la mbegu, nikafikiria dari, nikafikiria choo na kuona aibu. Mwisho nikakipeleka bandani. Nilimwinua kuku na kapu lake, akanidonoa mara mbili kwenye kifundo cha mkono, nikalaza kitabu juu ya kiti cha rubani, nikarudisha kapu juu yake na kuku akakaa. Hakuna mtu ambaye angethubutu kumsogeza kuku wa mama siku chache kabla ya kuangua. Nilijisikia mwerevu kwa dakika kumi, kisha nikarudi kuangalia kama kapu limekaa sawa.

Jumamosi ilikuwa mbaya. Baba alivuta sanduku mbele ya mgeni akiwa na tabasamu, tabasamu likaisha. Akatoa kila kitu. Akainua godoro. Akamwita mama, mama akaapa hajakigusa, wakanong'onezana kwa ukali chumbani huku mgeni amekaa sebuleni na kikombe cha chai kilichopoa. Mimi nilikuwa mlangoni. Baba akaniuliza, "Atu, umekiona kitabu?" Nikasema sijakiona. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza mkubwa na aliuamini mara moja, ndiyo maana nimeukumbuka.

Mgeni hakukasirika. Alisema karatasi za serikali zipo, lakini hakuna hata moja inayoonyesha ndege ilivyotoka kwa bwana mifugo ikaja kwa baba, kwa kuwa wawili hao hawakwenda ofisi yoyote, walimalizana kwa kitabu. Bila kitabu, alisema, angependa amwone huyo bwana mifugo asikie kwa mdomo wake. Angesubiri gesti mpaka Jumanne. Baba akasimama hapohapo akaenda stendi ya malori kumtafuta dereva wa kuteremka Muze, maana mtandao wa simu kule bondeni wakati ule ulipatikana kwa kupanda kichuguu.

Alimtuma mtu akamwite Anatoli. Nilikaa nyuma ya banda nikalifikiria jambo hilo siku tatu. Nilijua dereva atarudi na jibu gani. Atashuka kwenye lori, atavua kofia, atasema pole fundi, yule mtu hayupo, tangu ateremke hakukaa. Na hapo nitakuwa na wanne kati ya wanne. Kanisani Jumapili niliomba lori liharibike. Nikaogopa dereva ataumia, nikaomba liharibike polepole.

Jumanne mchana nilitumwa sebuleni kupeleka maji ya kunawa. Baba alikuwepo, mgeni wa Arusha alikuwepo, na katikati yao mtu mfupi mwenye mabuti ya mvua na tumbo zuri, anacheka na kujipangusa jasho ingawa sisi wote tulikuwa na masweta. Miguuni pake kulikuwa na gunia la mchele.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mama. Huyu ndiye mtoto? Fundi, mbona mrefu hivi, unamlisha spana?" Akanyoosha mikono juu ya beseni. Nikamimina maji. "Mwambie mama yako injini yake ni nzima. Inasaga bonde zima. Nimemletea mchele asiniroge."

Maji yakaendelea kumwagika. Nilikuwa nimesahau kuinua jagi.

"Wewe ni Anatoli?" nikauliza.

"Atu," baba akasema, maana mtoto hamwiti mtu mzima jina tupu.

"Mwache. Ndiye mimi. Kwani nimefanya nini?"

"Wewe umepigwa mstari."

Wakaangaliana. Anatoli akayaangalia mabuti yake yaliyolowa, kisha akaniangalia mimi, na bila shaka uso wangu ulimwonyesha kitu, kwa sababu aliacha kucheka. Akanipokea jagi taratibu akaliweka sakafuni. "Mstari gani, mama?"

Yakatoka yote, kwa mkupuo, bila mpangilio. Didas na kalamu nyekundu, kaburi la padri, pipi mbili, tonge la ugali. Nilisema sitaki jina la baba lipigwe mstari. Sikuwa nalia mpaka nilipofika hapo. Mgeni wa Arusha alikuwa ameinamisha kichwa anaangalia mikono yake. Mama alikuwa amesimama mlango wa jikoni na mwiko.

"Kitabu kiko wapi?" baba akauliza, si kwa ukali.

"Kwa kuku."

Tukaenda wote bandani. Mama mwenyewe ndiye aliyemwinua kuku, akimbembeleza kwa maneno ambayo sisi hatukuwahi kuambiwa, na baba akakivuta kitabu. Kilikuwa cha moto kama chapati. Anatoli akakipokea, akafungua ukurasa wa mwisho, akachuchumaa mbele yangu pale kwenye vumbi na kuniwekea kidole chake kinene chini ya jina lake.

"Soma."

Nikasoma.

"Ni mimi?"

"Ndiyo."

"Ina mstari?"

"Ndiyo."

"Haya, nishike." Akanipa mkono. Ulikuwa mkono wa kawaida, mkavu, wa moto, una pumba kwenye kucha. "Sasa nikwambie siri, baba yako asisikie. Siku niliyochora huu mstari nilirudi nyumbani nikala sahani tatu. Nilikuwa nimeilea hii ndege miaka, kila nikipata likizo naihangaikia, mke wangu ananiangalia hivi. Nikachora mstari, nikasema Anatoli, umepumzika. Kwa hiyo mstari ni wa kupumzika. Umeelewa?"

"Mbona wale wengine wamekufa?"

"Wale walikuwa wazee. Mzee Salum alikula mafuta mengi. Mimi nakula samaki."

"Usimdanganye mtoto," mama akasema. "Atakuja kuniuliza mimi samaki nao wanakufa na nini."

Baba alitoa rula kwenye mfuko wa koti. Aliweka kitabu juu ya pipa, akaniita, akaweka vidole vyangu viwili juu ya rula, kimoja huku na kimoja kule, ili isiteleze. "Bonyeza," alisema. Nikabonyeza mpaka kucha zikawa nyeupe. Kalamu ikapita mbele ya vidole vyangu kutoka kushoto mpaka kulia, juu ya jina lote, kwa wino wa bluu. Akatia sahihi. Mgeni wa Arusha akaandika la kwake chini, kwa mwandiko mzuri, akashukuru kama mtu aliyepewa mtoto.

Juzi, baada ya ile harufu ya kucha, nilimuuliza baba alikuwa anafikiria nini siku ile. Alikuwa sebuleni anasikiliza taarifa ya habari, akapunguza sauti ya redio kabisa, jambo ambalo hafanyi. Alisema watu walianza kwa kumuuliza ndege itaruka lini. Baadaye wakaacha kumuuliza, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Alishajua tangu mwaka wa pili kwamba hataweza, lakini hakujua namna ya kuliacha jambo ambalo alilichukua kwa injini ya mke wake. "Nilikuwa naogopa ule mstari kuliko wewe," alisema. Kisha akaongeza sauti ya redio. Nimekaa na maneno hayo kwa siku kadhaa, na kwa mtu kama mimi, ambaye bado sijatuma ile fomu kwa kuwa sijaridhika na sahihi yangu, yamenifanyia kazi ambayo ushauri mwingi haukuifanya.

Lakini siku ile sikujua hayo. Nilijua tu kwamba mstari umepigwa na nimesaidia kuupiga. Anatoli alinishawishi sehemu kubwa. Sehemu iliyobaki niliamua kuisimamia mwenyewe. Baba alikula, nikamwangalia akila. Alikwenda kuzungumza na wenye lori, nikamfuata. Alijigonga kidole na nyundo, akatukana kwa Kinyakyusa, nikapata nafuu kidogo. Kisha akasema amechoka, akatandika mkeka upande wa jua nyuma ya nyumba, akajifunika koti, akalala. Baba yangu, ambaye sikuwahi kumwona amelala mchana, alilala kama gunia lililoteremshwa. Hakukoroma. Koti halikutikisika.

Nilisubiri mpaka nikashindwa. Nikapiga magoti kwenye mkeka, nikaweka kiganja changu mbele ya pua yake, karibu kabisa, nikabana pumzi yangu ili nisije nikachanganya ya kwangu na ya kwake. Ikaja. Ya uvuguvugu, yenye harufu ya mchele wa Muze. Ikaondoka, ikaja tena.

"Napumua, mama," baba alisema bila kufungua macho. "Nenda kacheze."

Nikaenda.